Kilicho Chini ya Kromu

Uani kwetu kuna Volkswagen Kobe ya mwaka 1967. Ni ya mjomba wangu, na imelala juu ya matofali tangu nikiwa darasa la tatu. Siku moja mzee akaniita: "Mjomba, fomu foo umemaliza, kazi huna. Hebu ling'arishe hilo bampa lenye kutu." Nikashika msasa, nikasugua kutwa nzima. Jioni bampa limegeuka rangi ya unjano hafifu, kutu ndiyo kwanza inacheka. Kumbe nilikuwa nimeifuta kromu yenyewe!

Fundi mmoja wa Gerezani alipoliona, aliangua kicheko. "Dogo, kromu ni ngozi tu. Hiyo njano ni nikeli. Chini yake huwekwa shaba, halafu ndiyo chuma." Nikaona haya. Nikaanza kuitafuta historia ya ngozi hiyo.

Kromu iligunduliwa na Mfaransa Louis Nicolas Vauquelin mwaka 1797, lakini magari yalikuja kuivaa zaidi ya miaka mia moja baadaye. Magari ya mwanzo yalipambwa kwa shaba ya njano, kisha nikeli. Vyote hufifia usipovisugua kila mara. Katika miaka ya 1920, Colin Fink na Charles Eldridge wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakapata njia nzuri ya kupaka kromu kwa umeme. Muongo ule haujaisha, kromu imeshatawala barabarani.

Vita vikaivua. Mwanzoni mwa 1942, magari ya mwisho kutengenezwa Marekani kwa ajili ya raia yalitoka na mapambo ya kupakwa rangi, maana madini yalitakiwa vitani. Amani iliporudi watu wakalipiza kisasi: uso wa Buick ya 1958 ulikuwa na vipande 160 vya kung'aa! Ujerumani nako, mwaka 1949, Volkswagen ilitoa Kobe ya Export yenye kromu, huku ile ya kawaida ikibaki na mabampa ya rangi. Umeona, msomaji? Hata gari la wananchi lilikuwa na matabaka.

Na fahari yote hiyo ni nyembamba ajabu. Kromu ya mapambo haifiki hata mikroni moja, wakati unywele wako una mikroni 70 hivi. Kinachozuia kutu hasa ni nikeli iliyo chini. Maji yakishapenya kwenye vitundu na kukifikia chuma, huna dawa ya kusugua. Lazima bampa livuliwe yote, linyooshwe kwa nyundo, lisuguliwe, lipakwe shaba, lisuguliwe tena, lipakwe nikeli, ndipo lizamishwe kwenye kromu kwa dakika chache. Jasho la siku nyingi, sifa anachukua wa mwisho.

Fundi akanipeleka kwa jamaa anayefanya kazi hiyo. Banda dogo, tangi la maji ya rangi ya machungwa, mapovu yanapasuka juu yake. Hana barakoa. Kila mara anafuta pua, na kitambaa kina damu. "Nimezoea," akasema.

Sikuweza kulala. Mapovu yale hurusha ukungu wa kromu kali, na ukungu huo umetoboa ukuta wa pua za mafundi wengi tangu zamani. Mwaka 1990 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kromu ya aina hiyo kwenye orodha ya vinavyosababisha saratani kwa binadamu. California, mwaka 2023, iliamua kuiondoa hatua kwa hatua kwenye kazi za mapambo. Ipo kromu nyingine isiyo kali hivyo, lakini banda lile halinayo.

Basi wakati sisi tunajitazama nyuso zetu kwenye bampa, kuna mtu anapoteza pua yake.

Nilirudi na bampa letu lilelile. Nikaondoa kutu, nikalipaka rangi ya kijivu, kama Kobe za kawaida za 1949. Mjomba akalizunguka gari mara mbili, mikono nyuma.

"Haling'ai," akasema.

Nikamsimulia habari ya kile kitambaa. Akanyamaza kitambo, kisha akaniambia nikalete brashi, nyuma hapajapakwa.