Saidicheni Si ya Wazungu wa EDM Pekee

Wiki jana niliweka kipande cha biti yangu hapa, msee mmoja akaniambia saidicheni ni ujanja wa wazungu wa EDM, eti kijana wa Kihoto niache kuiga. Nimekaa na hayo maneno siku tatu. Leo najibu.

Kwanza tuelewane. Kompresa hushusha sauti ikizidi kiwango ulichoweka. Kwa kawaida inasikiliza sauti ileile inayoishusha. Saidicheni ni kuielekeza isikilize sauti nyingine. Unaiweka kwenye besi, lakini sikio lake linafuata kiki (ya ngoma, si zile kiki za mitandao). Kiki ikigonga, besi inainama. Kiki ikipita, besi inarudi. Zote mbili hukaa chini kabisa, na zikigongana, spika inatoa tope.

Hilo tope nalijua. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, buda alikuwa bado analipa deni la chama alilokopa kunilipia fee. Nikamuahidi muziki utalipa. Nikampa DJ wa nganya moja ngoma yangu ya kwanza. Kwa earphone ilikuwa kali. Kwa spika za mat ilikuwa mngurumo tu, na DJ akaizima kabla ya dakika moja. Buda alikuwa kiti cha nyuma. Hakusema kitu hadi tukafika home: "Mbona ngoma yako ilikuwa inajipiga yenyewe?"

Ndio nikaanza kusoma. Miaka ya 1930 Hollywood, Douglas Shearer, fundi wa sauti wa MGM, alihangaika na zile "s" zinazochoma masikio kwenye mazungumzo ya filamu. Kompresa ikafundishwa kusikiliza hizo "s" zaidi ya kitu kingine. Hakukuwa na EDM hapo, ni sinema tu.

Kisha redio. Mtangazaji akifungua mdomo, muziki unashuka, akinyamaza, unapanda. Wakati mwingine ni mkono wa fundi, wakati mwingine ni kompresa inayosikiliza maiki. Shosh hajui EDM ni nini, lakini huo mshuko ameusikia maisha yake yote.

Clubs zilichofanya ni kuuzidisha makusudi. Daft Punk wa Paris walitumia Alesis 3630, kompresa ya bei nafuu tu. Sikiliza "One More Time" ya 2000: wimbo mzima unapumua. Mwaka wa 2004 Eric Prydz wa Sweden akatoa "Call on Me", na ule mpumuo ukaenea kila mahali.

Lakini usikopi bila hesabu. Kwa mwendo wa 128 kwa dakika, kati ya kiki na kiki kuna kama milisekunde 469. Besi ina muda wa kuinama na kurudi. Sasa nenda Dar es Salaam, kwa singeli. Sisso Studios ya Mburahati walisikika mbali baada ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa *Sounds of Sisso* mwaka wa 2017. Singeli hukimbia 200 na kupita. Kwa 200 una milisekunde 300 pekee. Ukiweka mpumuo mrefu wa Paris hapo, besi haitawahi kurudi. Kwa hivyo hata chombo kikiwa kimoja, muda ni wa ngoma yako.

Ziwa lilipoingia Kihoto 2025 tulihama, mimi na laptop kichwani. Nilirekebisha ile ngoma kwenye chumba cha kukopeshwa: besi nikaipa milisekunde 120 za kurudi, basi. Buda akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Sasa nasikia vitu viwili."

Deni la chama bado lipo. Lakini DJ amesema nimletee hiyo Ijumaa. Wewe uliyeniambia niache kuiga, panda hiyo mat, ukae nyuma.