Viazi lishe

Viazi lishe ni jina la jumla la aina za viazi vitamu (Ipomoea batatas) ambazo ndani zina rangi ya machungwa. Rangi hiyo hutokana na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Aina nyeupe zilizozoeleka Afrika Mashariki zina beta-karotini kidogo mno au hazina kabisa. Kiazi lishe kidogo cha gramu 125 hivi, kikichemshwa, kinaweza kumtosheleza mtoto wa chini ya miaka 5 vitamini A ya siku nzima.

Asili na aina

Asili ya kiazi kitamu ni Amerika ya kitropiki. Aina za rangi ya machungwa zilizosambazwa kwanza barani Afrika, kama Resisto na Jewel, zilitoka Marekani. Uganda iliidhinisha Ejumula na Kakamega mwaka 2004, kisha Vita na Kabode mwaka 2007. Hizi mbili za mwisho ni kazi ya kituo cha utafiti cha Namulonge na zimeenea pia magharibi mwa Kenya. Tanzania ina Mataya na Kiegea, miongoni mwa nyingine.

Mavuno na marando

Viazi lishe hukomaa kwa miezi 4 hadi 5 na hupandwa kwenye matuta kwa vipande vya marando vya sentimita 30 hivi, theluthi mbili zikiwa zimefukiwa. Kwenye mashamba ya utafiti aina bora hupita tani 20 kwa hekta. Mkulima wa kawaida hapati hata nusu ya hizo, na sababu kubwa ni mbegu. Kwa desturi marando hayauzwi: mtu huomba kwa jirani, hukata kwenye shamba la zamani, na pamoja na marando hubeba virusi. Virusi viwili, kimoja kikienezwa na vidukari na kingine na inzi weupe, vikikutana kwenye mmea mmoja majani husinyaa na mavuno hushuka kwa zaidi ya nusu. Aina za kigeni zilizoletwa mwanzoni zilikuwa dhaifu hasa mbele ya ugonjwa huu. Kiangazi nacho huua marando, ndiyo maana mvua zinapoanza wengi hupanda wakiwa wamechelewa.

Mradi wa Marando Bora, uliofanya kazi Kanda ya Ziwa nchini Tanzania kati ya 2009 na 2012, ulijaribu kuweka wazalishaji wa marando safi vijijini. Njia nyingine ni ya mchanga: viazi vidogo visivyo na fukusi hufukiwa ndani ya beseni la mchanga mkavu baada ya mavuno, kisha wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua hupandwa kitaluni na kumwagiliwa ili vitoe marando. Ni njia rahisi, isiyohitaji zaidi ya beseni, mchanga, kitalu na maji kidogo.

Mapokezi ya walaji

Wengi walidhani rangi ndiyo ingekuwa kikwazo. Haikuwa hivyo, watoto waliipenda mara moja, na kampeni za Msumbiji zilipaka rangi hiyo kwenye magari na vibanda vya sokoni kama tangazo. Kikwazo cha kweli kilikuwa unga, yaani ukavu wa kiazi kilichoiva. Mtu mzima wa Mwanza, Busia au Soroti anataka kiazi kikavu, kinachopasuka ngozi kikiiva na kukwama kooni mpaka kishushwe kwa chai. Kiazi cha kienyeji kibichi cha gramu 100, kikikaushwa kabisa, hubakiza gramu 30 au zaidi. Aina za Marekani hubakiza chini ya 25. Hizo zikichemshwa hulainika kama boga, na wazee wakazisukuma pembeni ya sahani kuwa ni chakula cha watoto na wagonjwa.

Tatizo likawa la kisayansi: katika uzao wa kiazi kitamu, rangi ikiongezeka unga huelekea kupungua. Robert Mwanga wa Uganda na Maria Andrade, mzaliwa wa Cabo Verde aliyefanya kazi Msumbiji, walitumia miaka mingi kuviunganisha viwili hivyo pamoja na ukinzani wa virusi au ukame. Mwaka 2016 walipewa Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na Jan Low na Howarth Bouis wa Marekani.

Lishe

Utafiti wa miaka 2 katika mkoa wa Zambezia, Msumbiji, uliochapishwa 2007, ulionyesha kuwa vitamini A iliongezeka katika damu ya watoto ambao familia zao zilipewa marando na mafunzo ya lishe. Mafuta kidogo kwenye mlo husaidia mwili kuifyonza.

Usindikaji

Kanda ya Ziwa hukausha viazi kuwa michembe (vibichi) na matobolwa (vilivyochemshwa). Kwa viazi lishe, jua kali na kuhifadhi kwa miezi mingi hupunguza beta-karotini. Rojo la viazi lishe huingizwa kwenye maandazi, chapati na mkate badala ya sehemu ya unga wa ngano. Nchini Rwanda kampuni ya Urwibutso ilitengeneza biskuti, na nchini Kenya maduka ya Tuskys yaliuza mkate wa aina hii tangu 2015, kabla ya kufunga matawi yake.

Hali ya sasa

Mpango wa kikanda ulioanzishwa 2009 ulilenga kufikia kaya milioni 10 barani Afrika ifikapo 2020. Hata hivyo, sehemu kubwa ya viazi vitamu vinavyouzwa katika masoko ya Afrika Mashariki bado ni vyeupe na vya manjano.