Khabari za Vijana wa Visiwa vya Ngazija na Kazi za Kujitolea, 1975–1978

Wahenga walisema: Kutoa ni moyo, si utajiri. Maana ya neno hili si ngeni kwa watu wa Nyamityobora, kwani Mbarara ni jirani wa Nakivale, kambi iliyofunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960. Tangu Wanyarwanda wa siku zile hata Wakongo, Warundi na Wasomali waliofuata, mgeni afikaye mikono mitupu huhitaji wa kumsaidia kukata miti na kuchota maji, na msaidizi huyo aghalabu ni kijana. Kwa sababu hiyo yafaa zikumbukwe khabari za vijana wa Visiwa vya Ngazija, vilivyo mbali baharini kati ya Msumbiji na Bukini. Khabari zenye funzo tamu na funzo chungu.

Visiwa hivyo ni vinne: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Tarehe 6 Julai 1975 Ahmed Abdallah alitangaza uhuru, lakini Maore ilibaki chini ya Wafaransa. Haukutimia mwezi mmoja Abdallah akapinduliwa, na Januari 1976 akashika uongozi Ali Soilih, bwana aliyesomea mambo ya kilimo. Ufaransa ikakata msaada wake na kuwaondoa walimu na mafundi wake. Dola changa ikabaki bila fedha na bila wajuzi.

Juu ya dhiki hiyo zikaja nyingine. Desemba 1976 Wangazija waliokuwa wakiishi Majunga, nchini Bukini, walishambuliwa. Zaidi ya 1,000 waliuawa, na wapatao 16,000 wakarejeshwa visiwani wakiwa wakimbizi katika nchi ya baba zao. Aprili 1977 mlima Karthala ukatoa moto, na mji wa Singani ukaharibiwa.

Katika hali hiyo Soilih alitegemea mikono ya vijana. Mwaka 1977 aliwaachisha kazi makarani wa serikali, na kazi nyingi za utawala wakapewa wanafunzi wa sekondari. Umri wa kupiga kura ukashushwa hadi miaka 14. Zikaanza kujengwa mudiria, yaani nyumba za utawala wa mitaa, ili mwananchi apate huduma karibu na kwake, na lugha ya wenyeji ikatumiwa katika shughuli za serikali. Hapana shaka jambo hilo lilikuwa na kheri ndani yake. Kwa desturi za Ngazija mwenye sauti barazani ni yule aliyekwisha kutimiza harusi kubwa iitwayo anda, yenye gharama nyingi. Kijana maskini hukaa nyuma akasikiliza. Sasa kijana huyo akaambiwa kwamba nchi yamhitaji, naye akaitika.

Walakini kazi hiyo haikuachwa iwe ya hiari. Kikaundwa kikosi cha vijana wenye silaha kilichoitwa Moissi. Mila zikapigwa vita, wazee na wanavyuoni wakadharauliwa, na kijana aliyepewa jembe jana akapewa bunduki leo, akatumwa kumtisha mjomba wake. Machi 1978, katika mji wa Ikoni, watu waliopinga utawala huo waliuawa. Tarehe 13 Mei mwaka huo Bob Denard, Mfaransa, alishuka pwani na askari wa kukodiwa wapatao 50, akaipindua serikali. Wengi walishangilia mitaani, na Soilih akauawa tarehe 29 Mei.

Kosa lilikuwa wapi? Halikuwa katika ujana wao, wala katika kazi waliyoitiwa. Neno lenyewe la kujitolea latoa jawabu: mtu hujitoa mwenyewe, hatolewi na mwingine. Kazi ya kheri ikishikwa kwa bunduki, jina hubaki na thawabu huondoka. Wahenga walisema palipo wazee haliharibiki jambo; lakini wazee nao wana haki ya kuulizwa kwa nini kijana hakupata nafasi barazani mpaka alipopewa na mtawala.

Baada ya mambo hayo, watu wa visiwa hivyo hawakuacha kujenga. Vijiji vingi vimejipatia shule, barabara, maji na misikiti kwa michango ya wenyeji na ya watoto wao walio ng'ambo, khasa Marseille. Na sehemu ya mali itolewayo katika anda huingia katika kazi za mji. Huko mzee na kijana hutoa pamoja, na hakuna ashikaye silaha.

Basi kijana wa Nyamityobora aendaye Nakivale, na kijana wa Nakivale amsaidiaye jirani asiyejua lugha yake, watakuwa wameelewa khabari hizi iwapo wataenda kwa hiari na kwa shauri. Na wazee watakuwa wameelewa iwapo watawapa nafasi ya kusema kabla ya kuwapa jembe. Na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.