Sista Ward na jua la Rochford: wauguzi walivyobadili matunzo ya watoto wachanga

Kiangazi cha mwaka 1956, katika Hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, Sista J. Ward alikuwa msimamizi wa wodi ya watoto njiti. Siku jua likiwaka, aliwatoa watoto ndani na kuwapeleka uani wapunge hewa. Aliamini hewa safi na jua kiasi vinawafaa kuliko kufungiwa kwenye joto la inkubeta.

Siku moja, madaktari wakipita wodini, aliwafunulia mtoto mmoja. Mwili ulikuwa umepauka, isipokuwa sehemu moja ya ngozi yenye umbo la pembetatu, iliyokuwa ya manjano iliyokolea. Daktari mmoja alidhani mtoto amepakwa dawa. Sista akaeleza: pale ndipo ncha ya shuka ilipofunika; kwingine kote manjano yamefifia.

Muda mfupi baadaye, chupa ya damu ya mtoto mwenye manjano ilisahaulika dirishani, juani. Ilipopimwa, kiwango cha bilirubini, rangi inayosababisha manjano, kilikuwa kimeshuka mno. Hapo daktari Richard Cremer na wenzake wakaanza kuchunguza, wakatengeneza kitanda chenye taa juu yake, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet. Jina la Sista Ward halikuwemo miongoni mwa waandishi.

Ugunduzi huo haukuwa mdogo. Bilirubini ikizidi sana huingia kwenye ubongo wa mtoto. Anaweza kupoteza uwezo wa kusikia, kupooza au kufa. Tiba iliyotegemewa wakati huo ilikuwa kumbadilisha mtoto damu, kazi nzito na ya hatari. Mwanga hupunguza bilirubini kwa upole: huigeuza bilirubini iliyo kwenye ngozi iwe katika hali ambayo mwili unaweza kuitoa kwa nyongo na mkojo. Marekani ilisitasita hadi mwaka 1968, daktari Jerold Lucey wa Vermont alipochapisha utafiti wake kuhusu tiba hiyo. Leo taa za bluu zinawaka katika wodi za watoto wachanga duniani kote, Afrika Mashariki ikiwemo. Mzazi asidhani, hata hivyo, kwamba kumwanika mtoto juani nyumbani kunatosha: mtoto mwenye manjano apelekwe hospitali akapimwe.

Sista Ward aliona, lakini uamuzi wa tiba ulibaki kwa daktari. Mpaka huo ulianza kusogea mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya wauguzi watabibu: wauguzi wanaomchunguza mtoto, kutambua tatizo na kupanga matibabu. Upinzani ulikuwa mkali, na baadhi yake ulitoka kwa wauguzi wenyewe. Ford hakurudi nyuma. Alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 104, baada ya kuona kazi hiyo ikienea nchi nyingi.

Katika miaka ya 1970, vyumba vya uangalizi maalumu wa watoto wachanga vilipozidi kuongezeka Marekani huku madaktari wakiwa hawatoshi, wauguzi watabibu waliingia huko pia. Walifundishwa kuingiza mpira wa hewa kooni, kupitisha mrija kwenye mshipa wa kitovu, na kumpokea mtoto asiyepumua katika chumba cha kujifungulia. Uingereza ilifuata mwaka 1992, mafunzo ya aina hiyo yalipoanza Southampton.

Kwetu Afrika Mashariki, usiku wa manane, anayegundua kwamba mtoto njiti amepoa au ameacha kunyonya ni muuguzi. Ndiye anayemfunga kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ndiye anayempa hewa kwa kinyago na mfuko pale anaposhindwa kuvuta pumzi. Mtoto wa kilo moja hana muda wa kungoja ruhusa. Basi muuguzi huyu afundishwe kwa kina, apewe mamlaka ya kisheria yanayolingana na ujuzi wake, na alipwe ipasavyo. Tena, akishabobea kwa watoto wachanga, asihamishiwe wodi nyingine ovyo, maana ujuzi huo hujengwa kwa miaka, na anapoondoka huondoka nao.