Nani Alikuwa Anasahihisha Vitabu vya Kiswahili Enzi Hizo?

Ukipost stori leo, dakika mbili nyingi tayari kuna mtu kakuandikia, "sio hivyo, sahihi ni hivi." Unanuna. Lakini kuna waandishi waliopitia makubwa zaidi ya hayo.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha, iliyounganisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Mswada wa kitabu cha shule ulipelekwa huko. Ukipita, kitabu kinachapwa kikiwa na ithibati ya Kamati. Usipopita, unarudi kwa mwenyewe na masahihisho.

Waliousoma ni kina nani? Jina la mwandishi lilikaa kwenye jalada, la msomaji halikukaa. Tunachojua ni kwamba miaka ya mwanzo wajumbe wa Kamati walikuwa Wazungu. Yaani mtu aliyezaliwa na Kiswahili mdomoni anaambiwa na aliyejifunza ukubwani kwamba amekosea!

Mombasa hilo liliwauma. Mtu wa huko alisema "ndia", kitabu kikataka "njia". Akisema "ndoo" akimaanisha uje, kitabuni ni "njoo", na "ndoo" inabaki ya kuchotea maji. Halafu kuna "paa". Kwa Mmvita, paa la nyumba na paa wa porini hayatamkwi sawa, yule mnyama anatoka na pumzi. Tahajia sanifu ikayaandika yote mamoja. Kosa halikuwepo, ila sauti ya watu ilipotea kwenye karatasi.

Tuwe wakweli lakini, kazi ile ilikuwa na faida. Kabla ya hapo kila misheni na kila serikali iliandika kivyake. Baada yake, mtoto wa Tabora na wa Kisumu waliweza kusoma kitabu kimoja bila kukwama. Kamusi zilizotoka 1935 na 1939 chini ya Kamati hiyo zilitumika kwa miongo mingi. Baadaye Waafrika wakaingia kwenye Kamati, wakiwemo waandishi wenyewe, na mwaka 1964 kazi ikahamia chuo kikuu Dar es Salaam.

Kwa hiyo masahihisho yapo ya aina mbili, na hayafanani. Ukiandika "kitabu yangu", anayekurekebisha kakusaidia, shukuru na usonge. Lakini mhusika wako ni bibi wa Mji wa Kale, anasema "ndia", halafu mtu anataka aongee kama mtangazaji wa taarifa ya habari? Hapo sio sarufi tena, hapo anafutwa bibi. Simulizi iandike kisanifu ukitaka, ila mdomo wa bibi muachie mwenyewe.

Wale wasomaji wasio na majina walitupa lugha ya kuelewana toka pwani mpaka bara. Ila "paa" yenye pumzi bado inasikika Mombasa hadi leo, na hakuna kitabu kilichoweza kuinyamazisha.

Wewe je, neno gani la kwenu uliwahi kukatwa alama shuleni kwa kuliandika?