Msondo: Jina la Bendi na Watu Wake

Katika muziki wa dansi wa Tanzania, bendi hutambulikana kwa jina lake; lakini watu huhama, na jina nalo hubadilika. Bendi ya chama cha wafanyakazi, NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ni mfano ulio wazi wa jambo hili.

NUTA ilianzishwa mwaka huohuo baada ya vyama vya wafanyakazi vilivyoitangulia kuvunjwa. Miongoni mwa wale iliowasemea walikuwamo manamba wa mashamba ya mkonge, na wengi wao walikuwa Waha waliotoka Manyovu, Kasulu na Kibondo. Chama ndicho kilichomiliki ala na kuwalipa wapigaji mishahara. Nyimbo zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, zikawafikia hata watu wasiopata kuingia katika kumbi za mji.

Kwa kuwa ala zilikuwa mali ya mwenye bendi, mwanamuziki alikuwa na sauti yake na vidole vyake tu. Hicho ndicho kiini cha kuhamahama. Mwaka 1978 Muhidin Maalim Gurumo, mwimbaji aliyekuwa nguzo ya NUTA Jazz, alikwenda kuanzisha Mlimani Park pamoja na Abel Bartazar. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliwavuta wanamuziki sita wa Mlimani Park, Gurumo na Hassan Bitchuka wakiwamo. Hata hivyo Mlimani Park haikufa: Michael Enoch alibaki, waimbaji wapya wakatafutwa, na mtindo ukaendelea. Baadaye Gurumo aliirudia bendi aliyoiacha.

Wakati huo bendi hiyo ilikuwa imekwisha badili jina. NUTA ilipogeuka JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi iliitwa JUWATA Jazz. Na OTTU ilipochukua nafasi ya JUWATA mwaka 1991, bendi ikawa OTTU Jazz. Majina haya yote ni vifupisho vya ofisini, nayo yaeleza mwajiri, wala si muziki.

Wapenzi wa dansi walikuwa na majina yao. Waliitambua bendi ya wafanyakazi kwa mtindo wake, msondo, na Mlimani Park kwa sikinde. Msondo ni ngoma ndefu ya unyago, na sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Hivyo gitaa na saksafoni, ala za kigeni, zilipewa ukoo wa kienyeji. Jina la namna hii halikuandikwa katika hati ya chama chochote, kwa hiyo hakuna aliyeweza kulifuta.

Mwishowe jina la wasikilizaji lilishinda, na bendi ikajulikana rasmi kuwa Msondo Ngoma. Gurumo alifariki mwaka 2014, lakini bendi haikuzikwa pamoja naye. Basi kilichodumu tangu 1964 si mwajiri, wala si orodha ya wapigaji. Ni mtindo, na neno ambalo watu walilichagua kuutajia.