Potasiamu ya majani katika ngano ya mvua
Kunyunyizia majani potasiamu ni namna ya kuilisha ngano itegemeayo mvua, mathalani ile ya uwanda wa Pothohar nchini Pakistan, pindi ardhi, kwa kukauka, ishindwapo kuifikishia mizizi madini hayo yasafiriyo katika maji ya udongo. Hivyo hata shamba lenye hazina tele huweza kuwa na mimea yenye njaa. Salfeti au nitrati ya potasiamu huyeyushwa majini, aghalabu kwa asilimia 1 hadi 2, ikanyunyizwa jioni, maana jua kali huunguza ncha za majani, kabla masuke hayajachomoza au punje zianzapo kujaa. Fadhila yake kubwa ni kuliwezesha jani kufunga barabara vitundu vyake vya hewa, maji yasipotee bure, na kupeleka sukari kwenye punje. Lakini kiasi kipokelewacho na jani ni haba mno kushika nafasi ya mbolea ya ardhini.